Usiache Mbachao: Namna Vikundi Vyetu Vinavyoweza Kupokea Mabadiliko Bila ya Kuvunjika

Siku ile tulikutana kama ilivyo ada yetu, Jumapili baada ya sala ya Alasiri, katika ukumbi wa nyumba ya mwenyekiti wetu hapa Mombasa. Kahawa ilikuwa tayari, kaimati zimo sahanini na mikeka imetandikwa. Kilichokosekana ni sanduku. Kwa miaka 14 sanduku lile la bati lenye kufuli tatu lilikuwa likiwekwa katikati yetu. Funguo zake zilikaa kwa watu watatu mbalimbali, na halikufunguliwa ila wote watatu wawepo. Pembeni yake hukaa mweka hazina wetu, bibi aliyepindukia miaka 60, na daftari lake lenye jalada la gazeti. Kila mwanachama anapotoa mchango wake, jina lake husomwa kwa sauti, fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote, kisha sote huitikia kwa pamoja: "Imepokewa."

Siku hiyo, mahali pa sanduku tulikuta karatasi moja iliyopigwa chapa. Kamati ilikuwa imeamua kwamba kuanzia mwezi ule michango yote ilipwe kwa simu, iende moja kwa moja katika akaunti ya benki, na hesabu zitunzwe katika kompyuta na katibu wetu mpya, binti msomi na mwaminifu. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri. Fedha zilikuwa zimekuwa nyingi mno kukaa majumbani, na kikundi kilihitaji kumbukumbu zinazoweza kuonyeshwa popote. Hakuna aliyepinga. Mama mmoja tu alisema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na nafsi yake: "Usiache mbachao kwa msala upitao." Baadhi yetu tulicheka. Tulidhani ni ukale tu unaosema.

Baada ya miezi mitano, wanachama 32 walikuwa wamebaki 19. Hakuna aliyegombana na mtu. Mmoja alisema magoti yanamuuma, mwingine ana mjukuu wa kulea, na wengine hawakusema lolote. Kisha mmoja wa wale wakongwe akafiwa na mumewe. Desturi yetu ilikuwa kupeleka mkono wa rambirambi siku ile ile ya msiba, kabla maiti haijatoka. Safari hii haukwenda, kwa kuwa jina lake halikuwamo katika orodha. Kompyuta ilionyesha kwamba hajalipa kwa miezi mitatu. Baadaye tulikuja kujua kwamba alikuwa akilipa. Kwa kuwa hana simu yake mwenyewe, alikuwa akimpa mjukuu wake fedha taslimu ili amtumie. Mjukuu naye alikuwa na deni alilokopa kwa simu, na kila akiziingiza fedha za bibi, deni lilijikata lenyewe kabla hajawahi kuzituma. Kijana aliona haya kusema. Bibi alikaa eda akiamini kwamba wenziwe wa miaka 14 wamemsahau.

Ndugu msomaji, nakusimulia haya nikiwa mmoja wa waliocheka siku ile. Tulidhani tumebadilisha njia ya kulipa, na kumbe tulikuwa tumebadilisha pia nani anahesabiwa kuwa mwenzetu. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza na kusoma: kwa nini jambo jema, lililokusudiwa kwa nia njema, huweza kukivunja kikundi chema? Na je, kikundi, kamati ya madrasa au shule ya mtaa inaweza kufunzwa kuyapokea mabadiliko vizuri zaidi?

Methali yenyewe inasema nini

Methali hii ya mbacha na msala hutumiwa sana kuwanyamazisha wenye fikra mpya. Lakini ukiisikiliza kwa makini, haiukatazi msala. Inatahadharisha juu ya msala upitao. Mwenye mbacha anajua fika kwamba umechakaa, maana ndio anaoulalia na mbavu zake ndizo zinazoona matobo yake. Khofu yake ni kwamba akiutupa leo, kisha msala ukapita na mwenyewe kesho, atalala sakafuni. Kwa hivyo maswali yake ni mawili tu, na yote mawili ni ya haki: huo msala wenu utakaa? Na mimi nitakuwa na mahali juu yake?

Kiongozi anayesikia methali hii na kuidhania ni inda, atapigana na watu wake. Anayeisikia kama swali, atalitafutia jibu. Nimeamini kwamba siri kubwa ya kuongoza mabadiliko imo katika tofauti hiyo. Watu wengi hawayakatai mabadiliko. Wanachokataa ni kubadilishwa bila ya kuulizwa.

Funzo kutoka jikoni

Ushahidi mmoja mzuri wa jambo hili ulipatikana mbali na pwani yetu, lakini ulipatikana mahali tunapopajua sote: jikoni. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Marekani ilikuwa ikipeleka sehemu kubwa ya nyama yake bora kwa wanajeshi. Wakuu walitaka akina mama wapike moyo, figo na tezi za ndama, vitu ambavyo wengi wao walivichukia. Huku kwetu asubuhi ya Idi ya kuchinja maini, moyo na figo hugombaniwa kabla hazijapoa, lakini kwa akina mama wale hata harufu yake ilikuwa kero.

Mwanasaikolojia Kurt Lewin, aliyezaliwa mwaka 1890 na kuhama Ujerumani mwaka 1933 alipoingia Hitler madarakani, alikuwa akifundisha wakati huo katika Chuo Kikuu cha Iowa. Alivichukua vikundi sita vya akina mama waliojitolea katika shughuli za Msalaba Mwekundu, kila kikundi kikiwa na watu kati ya 13 na 17. Vikundi vitatu vilipewa mhadhara mzuri. Walielezwa faida ya vyakula vile kwa afya, unafuu wa bei yake na namna vinavyosaidia taifa wakati wa vita. Waligawiwa hata maelezo ya mapishi, na mhadhiri akawaambia jinsi anavyovipika nyumbani kwake. Vikundi vitatu vingine havikupewa mhadhara wa aina hiyo. Waliulizwa: je, mama kama nyinyi anaweza kuvipika vitu hivi? Kuna vikwazo gani? Wakasema wenyewe: waume hawatakula, harufu itajaa nyumba nzima. Walipokwisha kuyatoa ya moyoni, ndipo wakapewa maelezo ya mapishi. Mwishoni wakaombwa wanyanyue mikono wale walio tayari kujaribu chakula kimoja katika wiki inayofuata.

Muda ulikuwa ule ule kwa wote, dakika 45. Baadaye ilipofuatiliwa majumbani, katika vile vikundi vya mhadhara ni asilimia 3 tu waliopika kitu ambacho hawajawahi kukipika kabla. Katika vikundi vya mazungumzo walikuwa asilimia 32.

Tuyatazame matokeo haya kwa jicho la mwanachama wa kikundi. Elimu ya lishe na maelezo ya mapishi pande zote mbili ziliyapata. Upande mmoja, hata hivyo, uliyasema mapingamizi yake kwanza bila ya kukemewa, kisha ukaamua kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wenziwe. Mtu aliyenyanyua mkono hutaka kuitimiza ahadi yake. Aliyekaa kimya akisomewa karatasi hana ahadi yoyote ya kuitimiza. Sisi tulisomewa karatasi.

Tuyaone pia yale ambayo matokeo hayakuyafanya. Asilimia 32 si 100. Hata njia iliyo bora iliwavuta akina mama wapatao theluthi moja. Anayetaka kuleta mabadiliko na ajiwekee akiba ya subira, asidhani kwamba kikao kimoja kizuri kitamaliza kazi.

Lewin, aliyefariki mwaka 1947, aliyafananisha mabadiliko na hatua tatu: kuyeyusha, kusogeza, kisha kugandisha. Kila anayetengeneza barafu za ukwaju za kuuzia watoto anaielewa picha hii. Barafu iliyokwisha kuganda huwezi kuitia katika chombo cha umbo jingine kwa kuigonga, maana itavunjika. Iyeyushe kwanza, uimimine, kisha uipe muda igande tena. Kamati nyingi huanza na kumimina. Haziyeyushi, wala hazisubiri.

Madrasa zetu zilivyobadilika

Tusidhani kwamba elimu hii ni ya ng'ambo pekee. Hapa Mombasa kuna mfano ambao wengi wetu tumelelewa ndani yake bila ya kuujua kuwa ni mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani waliona kwamba watoto wengi wanaotoka katika mitaa yetu wanaingia shule za msingi wakiwa nyuma ya wenzao. Mwaka 1982 waliiomba rai kwa Aga Khan, na Wakfu wa Aga Khan ukaingia katika kazi ya kulitafutia jambo hilo njia. Mwaka 1986 mpango wa shule za chekechea zilizofungamana na madrasa ukaanza Mombasa, ukiongozwa na mwalimu mwanamke, Bi Swafiya Said. Mwaka 1990 ulivuka bahari kwenda Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Uganda.

Fikiria ugumu wa kazi ile. Madrasa ni taasisi yenye heshima na mazoea ya karne nyingi. Kumwambia mzazi wa wakati ule kwamba mahali anaposomea mwanawe Qur'ani patafunzwa pia hesabu kwa vifuu na mawasiliano kwa michezo, lilikuwa jambo la kuzusha wasiwasi. Je, dini haitapunguzwa? Na walioleta fedha wana lengo gani?

Mpango ule ulifaulu kwa sababu ya mambo yanayofaa kusomwa na kila kamati. Kwanza, kilichobaki kilitajwa kabla ya kilichobadilika: mafunzo ya dini na maadili yalibaki kuwa msingi, na mengine yakafumwa ndani yake. Pili, jamii ndiyo iliyoomba. Mtaa uliotaka shule ulikaa na wataalamu, ukaandikiana nao mkataba wa nani atafanya nini, na ukaunda kamati yake yenye wanawake ndani. Tatu, walimu walichaguliwa miongoni mwa mabinti wa mtaa wenyewe, wakafunzwa wakiwa kazini, hata mzazi alipomleta mwanawe alikuta uso anaoujua. Nne, vifaa vilitengenezwa kwa vitu vilivyopo: vifuu, mbegu, makasha, vitambaa. Hakuna aliyehisi kwamba dunia ngeni imeshushwa mlangoni kwake. Tano, wataalamu hawakuondoka siku ya ufunguzi. Waliendelea kutembelea na kushauri kwa miaka, mpaka shule iliposimama yenyewe ndipo ikafanyiwa sherehe ya kuhitimu, shule nzima, kama anavyohitimu mwanafunzi.

Kwa maneno ya methali yetu, msala ule ulifumwa na wenye mbacha, kwa ukindu wa kwao, nao ukakaa.

Ushauri wa Bi Ummu Salama

Kuna nyakati ambapo mashauriano yamekwisha, uamuzi umepita, na watu bado hawanyanyuki. Hapo maneno zaidi hayafai kitu. Historia yetu inatupa mfano wa wakati kama huo, na aliyeutatua ni mwanamke.

Mwaka wa 6 Hijria, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na masahaba zake kwenda kufanya Umra. Makureshi wakawazuia, na pale Hudaybiya ukaandikwa mkataba uliowataka Waislamu warudi mwaka ule bila ya kuingia Makka. Masahaba walihuzunika sana. Walikuwa wamevaa ihramu, wanyama wa kuchinja wako nao, na nyoyo zao zilikwisha kutangulia kwenye Kaaba. Mtume akawaamrisha wachinje na wanyoe. Akasema mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hakuna aliyenyanyuka. Akaingia kwa mkewe, Bi Ummu Salama (r.a.), akamweleza aliyoyaona. Bi Ummu Salama akamshauri atoke, asiseme na yeyote, amchinje mnyama wake, kisha amwite kinyozi wake amnyoe. Mtume akaupokea ushauri ule, akafanya hivyo. Masahaba walipomwona, wakanyanyuka wote, wakachinja na kunyoana.

Bi Ummu Salama aliona kwamba watu wale wamevunjika moyo, na kwamba hawakuwa waasi. Mtu aliyevunjika moyo hahitaji kuambiwa mara ya nne. Anahitaji kumwona anayempenda na kumwamini akitangulia kulifanya jambo lenyewe. Katika kikundi chetu, mwenyekiti aliyetutaka tulipe kwa simu alikuwa akiutuma mchango wake kwa mkono wa katibu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua kuituma. Sote tulilijua hilo.

Mabadiliko nayo yana eda yake

Mwandishi wa Kimarekani William Bridges, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu mabadiliko kazini, alitenganisha mambo mawili ambayo tumezoea kuyachanganya. Kuna badiliko lenyewe, ambalo hutokea siku moja: akaunti imefunguliwa, ofisi imehama, mwalimu mkuu mpya ameingia. Na kuna safari ya moyo ya kulizoea, ambayo haina tarehe. Safari hiyo, alisema, huanza na kumalizika kwa jambo la zamani, hupitia kipindi cha katikati ambapo la zamani halipo na jipya halijashika, ndipo ukaja mwanzo.

Sisi tunapaswa kulielewa hili haraka kuliko wengi. Sheria yetu imempa mjane miezi minne na siku kumi, kwa mwenye mimba mpaka ajifungue. Ndoa imekwisha kwa saa moja, lakini mtu hatakiwi kuanza upya saa ya pili. Amepewa muda unaojulikana, wenye mwanzo na mwisho, na watu wanaomzunguka wanajua kwamba yumo ndani yake. Kikundi pia kinahitaji muda wa namna hiyo, wenye tarehe, ambao kukosea hakutolewi fedheha na kuuliza hakuhesabiwi ujinga.

Tulivyorudi kukaa pamoja

Habari ya yule bibi aliyefiwa ilipotufikia kwa ukamilifu wake, mwenyekiti alikwenda nyumbani kwake kumtaka radhi. Mkono wa rambirambi ulipelekwa mzima. Bibi aliupokea, akatuombea dua, kisha akauliza, "Na lile daftari, liko kwa nani sasa?" Lilikuwa kabatini.

Kuanzia hapo kamati iliamua kuwatembelea wote waliotoka, mmoja mmoja, kwa sharti moja: tusiwaeleze chochote. Tuwaulize tu wamepoteza nini. Majibu yalitufunza. Kadhaa walisema wamepoteza kuona: walizoea kuziona fedha zikihesabiwa, na sasa walitakiwa kuamini ujumbe wa simu wasioweza kuusoma. Mmoja alisema amekosa kusikia jina lake likitajwa na watu wote wakaitikia. Mweka hazina, aliyekuwa hajatoka lakini alikuwa haji, alisema: "Wanangu, mimi sikatai kompyuta. Lakini mliniondolea amana ya miaka 14 kwa karatasi, na hakuna hata mmoja aliyeniambia ahsante."

Wawili walikuwa na swali jingine kabisa: ile akaunti ina riba? Tulitazamana. Katika kamati nzima hakuna aliyekuwa amelichunguza jambo hilo. Benki zinazofuata misingi ya sharia zimekuwa zikifanya kazi nchini Kenya tangu mwaka 2008, na hapa Mombasa zina matawi, nasi hatukuwa tumepiga hata hodi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba pingamizi ni habari. Aliyetoka kimya kimya alikuwa ameondoka na jambo tulilohitaji kulijua.

Tukaanza upya. Malipo ya simu yalibaki, kwa kuwa faida zake ni za kweli. Akaunti ikahamishwa. Wasio na simu walileta fedha taslimu kwa mweka hazina, naye akawaingizia kwa simu yake mbele yao na kuandika katika daftari. Daftari na kompyuta vilikwenda pamoja kwa miezi sita, tarehe ya mwisho ikatangazwa mapema, na kila mwezi vikalinganishwa. Daftari lilibaini kosa la kompyuta mara mbili, na kompyuta ikabaini kosa la daftari mara moja. Majina yakaendelea kusomwa kwa sauti kutoka katika taarifa ya benki, na sote tukaitikia "Imepokewa." Mwenyekiti alijifunza kutuma fedha mbele yetu sote, akakosea, tukacheka naye.

Miezi sita ilipotimia, ni mweka hazina mwenyewe aliyesema daftari sasa linaweza kupumzika. Wanachama walirudi hadi 27. Watano hawakurudi, na hatuna haki ya kuwalaumu.

Ya kushikwa na kila kamati

Kutokana na haya yote, nayatoa machache kwa kila anayeongoza kikundi, madrasa, shule au hata ofisi.

Taja kwanza kitakachobaki. Watu wakijua kwamba nguzo haiguswi, watakusaidia kubadilisha paa.

Uliza nani anapoteza nini, na uulize kabla ya kuamua. Anayepoteza heshima hatalisema jambo hilo mkutanoni, basi mfuate nyumbani.

Anza na padogo. Jaribuni kwa miezi michache au kwa kundi moja, ili kosa likitokea liwe dogo na liweze kurekebishwa.

Tangulia mwenyewe. Usimtake mama wa miaka 70 ajifunze lile ambalo wewe unafanyiwa na mwingine.

Weka muda wa mpito wenye tarehe, na uyaache mapya na ya zamani yaende pamoja ndani yake.

Mshukuru hadharani aliyeibeba kazi ya zamani. Bila ya daftari lile, kusingekuwa na fedha za kuhamishia benki.

Na mwisho, kaeni kitako baada ya badiliko mjiulize: tulikosea wapi? Liandikwe. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo linalokifanya kikundi kizidi kuwa hodari. Kikundi kisichotazama nyuma huanza kila badiliko kikiwa mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Sisi tumeliona hilo wenyewe. Tulipotakiwa kuwa na katiba iliyoandikwa, kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kamati haikuja na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilikuja na maswali. Tuliketi vikao vitatu, tukabishana sana juu ya kifungu cha misiba, na tukakiandika hivi: hakuna jina litakaloondolewa katika orodha mpaka watu wawili wa kamati wamemtembelea mwenyewe nyumbani. Kifungu hicho kilipendekezwa na yule bibi aliyekuwa eda. Safari hii hakutoka hata mwanachama mmoja.

Mabadiliko hayatatuacha. Mtaala wa watoto wetu umebadilika na ule mfumo wa 8-4-4 unaondoka. Malipo yamehamia katika simu tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na mabinti zetu wanafanya kazi ambazo mama zao hawakuzijua majina. Kila badiliko litapita katika kikao fulani, juu ya mkeka fulani, mbele ya mama fulani atakayenong'ona methali. Tumsikie, kisha tumwombe asogee atuonyeshe mbacha wake una matobo wapi.

Mwenyezi Mungu atuunganishie nyoyo zetu, aviweke vikundi vyetu katika kheri, na atujaalie viongozi wenye kuuliza kabla ya kuamrisha. Amin.